Kila Ngao na Adui Wake

Najua saa hizi kuna anayesonga ugali, kuna anayefunga ng'ombe, na kuna mvuvi anayekagua taa zake kabla ya kuingia ziwani. Endelea na kazi yako, ndugu. Ninachotaka ni sikio lako tu.

Jioni ya leo tuzungumze juu ya wanyama na jinsi wanavyojikinga na hatari. Watoto kama hawajalala, waite wasogee karibu na redio, maana mengine nitakayosema huenda wanayajua kunishinda mimi.

Nianze na swali. Ni mnyama gani amejaliwa ulinzi bora kuliko wote? Mmoja atasema nyati, kwa sababu ya pembe. Mwingine atasema kobe, maana anatembea na nyumba yake mgongoni. Yuko atakayesema swila, na yuko atakayesema nungunungu. Ubishi huo unaweza kukesha, na haumaliziki kwa sababu swali lenyewe ni nusu. Ulinzi bora dhidi ya nani? Kobe akiingiza kichwa ndani ya gamba amemshinda mbwa. Lakini je, amelishinda lori linaloteremka barabara ya Rongo kwenda Homa Bay? Amekaa katikati ya lami, ametulia, anaamini yuko salama.

Hapo ndipo ninapotaka tukae leo. Kila ngao ina adui wake. Mnyama hakuumbiwa ulinzi dhidi ya kila kitu. Amekingwa na yule aliyemwinda babu yake na babu wa babu yake. Adui akibadilika, ngao ile ile iliyomwokoa inaweza kumuua. Nitalirudia neno hili, kwa hiyo ukinisikia nalirudia usidhani kanda imekwama.

Tuanzie mpakani. Ukitoka Kuria ukaelekea mashariki unaingia Transmara, kaunti ya Narok. Kule kuna msitu wa Nyekweri, na ndani ya msitu huo anaishi kakakuona mkubwa, yule aliye mkubwa kuliko wenzake wote wa jamii hiyo, anayeweza kupita kilo 30. Waliomwona kwa macho ni wachache, kwa sababu hutoka usiku na hutembea peke yake, taratibu, akitafuta mchwa na sisimizi.

Mwangalie kwa karibu. Mwili wake juu umefunikwa magamba yaliyopangana, magumu, yenye ncha kali. Magamba hayo ni ya kitu kile kile kilichotengeneza kucha zako na kwato za ng'ombe wako. Mdomoni hana jino hata moja, ana ulimi mrefu tu. Mbio hana, wala sauti ya kutisha. Sasa akikutana na simba usiku, afanye nini? Anajikunja. Kichwa kinaingia tumboni, mkia unakuja juu na kufunika, kilichobaki nje ni magamba matupu. Simba atamviringisha huku na huku, atamtafuna pembeni, atamlamba, atamlalia. Mwishowe atachoka aende zake. Ulinzi huo umefanya kazi kwa miaka mamilioni.

Kisha akaja mtu. Mtu hana haja ya kumfungua. Anambeba alivyo, anamtia guniani.

Mnaona? Silaha iliyomshinda simba imemrahisishia kazi mwindaji haramu. Magamba yale huuzwa kwa magendo hadi Asia, ndiyo maana mwaka 2016 mataifa ya dunia yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya aina zote nane za kakakuona. Lakini kule Nyekweri kuna adui mwingine, na huyu wala hana nia mbaya naye. Ni ua wa umeme. Mwenye shamba ameuweka kwa sababu tembo wamemmalizia mahindi, na nani wa kumlaumu? Kakakuona anapita usiku, pua inagusa waya wa chini, anashtuka. Na akishtuka anafanya jambo moja tu analolijua: anajikunja. Anajikunja akiwa ameukumbatia waya. Umeme unampiga tena, naye anazidi kujikaza. Unampiga tena, anajikaza zaidi. Asubuhi anakutwa amekufa ndani ya ngao yake mwenyewe.

Wahifadhi wanaofanya kazi kule wamekuwa wakizungumza na wenye mashamba, wakiwaomba waondoe waya wa chini au wauinue. Ni ombi dogo. Tembo, kwa kadiri nijuavyo, hatambai.

Kila ngao ina adui wake. Tumeliona msituni, sasa tushuke kwenye Ziwa Victoria, maana huko ndiko jambo hili limetokea kwa ukubwa ambao haujapata kuonekana mahali pengi duniani.

Wazee wanaonisikiliza, mnamkumbuka fulu? Simsemi huyu mmoja mmoja wa siku hizi. Nasema fulu wa zamani, samaki wadogo wadogo wa rangi rangi, wa aina kwa mamia, waliojaa kwenye kila ghuba na kila mwamba wa ziwa hili. Mtoto alikuwa akienda ufukweni na ndoana na mnyoo, anarudi na mboga. Sasa sikiliza jinsi fulu jike anavyolinda watoto wake. Akishataga mayai hayaachi chini, anayachukua mdomoni. Anakaa nayo humo hadi yaanguliwe, na kwa muda huo wote hali, au anakula kidogo sana. Hata baada ya kuwatoa watoto nje kuogelea, akiona hatari anafungua mdomo nao wanakimbilia ndani, wote. Hatari ikipita anawatema tena.

Ulinzi gani unaoshinda huo? Mama amegeuza mdomo wake kuwa nyumba. Dhidi ya samaki mdogo anayenyemelea mayai, ulinzi huo ni kamili.

Halafu akaletwa mbuta. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alitiwa ziwani upande wa Uganda, akitokea maji ya Ziwa Albert, na kwa miaka kadhaa alikaa kimya kimya. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa ziwa zima. Mbuta ni samaki anayeweza kuwa mzito kuliko mtu mzima, na mdomo wake unatosha kummeza fulu bila kutafuna. Sasa fulu jike anamwona mbuta anakuja. Anafanya nini? Anafungua mdomo, watoto wanaingia. Mbuta naye anafungua wake. Mama, watoto na kizazi chote cha msimu ule wameondoka kwa pigo moja.

Aina nyingi mno za fulu zilitoweka, nyingine zikabaki chache za kuhesabika. Yalichangia mambo mengine pia, uchafuzi wa maji na nyavu zetu wenyewe, lakini mbuta ndiye aliyeongoza msafara. Sisemi mbuta ni laana. Amejenga nyumba, amelipa karo, ameleta viwanda. Nasema tu kwamba fulu hakuwa mjinga wala mzembe. Alikuwa na ulinzi mzuri kabisa, ila uliandaliwa kwa ajili ya adui mwingine.

Je, kuna waliopona? Wapo, na namna walivyopona inafurahisha. Mbuta anahitaji maji yenye hewa nyingi. Ndani ya mafunjo, kule kwenye maji mazito yaliyotulia ambako mashua haipiti, hewa ni kidogo sana, na mbuta akiingia humo anakosa pumzi. Samaki wadogo wanaostahimili hali hiyo wamejificha humo. Kamongo naye anaishi humo bila wasiwasi, kwa sababu yeye ana mapafu. Hupanda juu, hupiga funda la hewa, hurudi chini. Kamongo dume hulinda kiota chenye watoto wake, na mvuvi aliyewahi kuumwa na kamongo hahitaji nimweleze zaidi. Kwa hiyo unapoona watu wanafyeka mafunjo ili wapande sukuma wiki hadi ukingo wa maji, jua kwamba hawakati majani tu. Wanavunja ukuta ambao samaki hawa wamejificha nyuma yake.

Nije kwa omena sasa, maana najua wavuvi wa omena mmeanza kuguna kwamba nimewasahau. Omena ana ulinzi wa aina mbili. Wa kwanza ni wingi. Wanatembea kundi moja, maelfu kwa maelfu, wakigeuka pamoja, wakimetameta pamoja, hata adui anayewafuata anashindwa kumchagua mmoja. Akimlenga huyu, mwingine amepita mbele yake. Wa pili ni giza. Mchana omena hushuka kilindini, usiku hupanda juu kula, wakati ndege wenye macho makali wamelala.

Wingi na giza. Na mvuvi wa omena anafanya nini? Anangoja usiku usio na mbalamwezi, anawasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi taa za sola, na omena wanakuja kwenye mwanga, wamekusanyika vizuri kabisa, kundi moja. Wavu hauhitaji kumchagua mmoja. Wavu unapenda kundi. Lile lililomchanganya mbuta ndilo linalomfurahisha mvuvi.

Mtaniuliza, basi mbona omena hajaisha kama fulu? Kwa sababu ana ulinzi wa tatu ambao hauonekani: anazaa upesi na anakua upesi. Kabla hujamaliza kumvua, ameshaacha watoto. Ndiyo sababu ya ile miezi ambayo uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka, kwa kawaida kuanzia Aprili hadi Julai. Najua miezi hiyo inauma mfukoni. Lakini huo ulinzi wa tatu ndio pekee aliobakiwa nao dhidi yetu, nao unahitaji muda.

Kabla hatujaondoka ziwani, wale nzi wa ziwani mnaowaona wakipanda juu ya maji kama moshi wa nyasi zinazochomwa, na baadaye wanajaa kwenye ukuta wenye taa hadi unashindwa kufungua mlango: nao wanajilinda. Nzi mmoja hana mwiba, hana sumu, hana mbio. Ila wanatoka wote kwa pamoja, kwa wingi ambao ndege wote wa ziwa wakila hadi washibe, bado waliobaki ni wengi kuliko walioliwa. Wakimaliza kupandana na kutaga, wanakufa. Kazi imekwisha.

Na nungunungu, kwa kuwa nimemtaja mwanzoni, harushi miiba. Hilo tuliache leo. Anarudi kinyumenyume kwa kasi na kukuchoma nayo, nayo inang'oka upesi ikabaki kwako. Chui wengi wamelijua hilo kwa kuchelewa.

Sasa tupande bondeni, Lambwe. Wengi wenu mmepita karibu na Hifadhi ya Taifa ya Ruma mkielekea Mbita. Ndani ya hifadhi ile kuna mnyama ambaye kwa pori la Kenya hana kwao kwingine: korongo. Naye si ndege wa miguu mirefu, ni yule swala mkubwa, mmoja wa wakubwa kabisa katika Afrika, mwenye uso mweusi uliochorwa nyeupe na masikio marefu yenye vishungi. Pembe zake zimepinda kwenda nyuma, na madume na majike wote wanazo. Akipigana hapigi magoti kuomba radhi. Anapiga magoti ili apate kupiga pembe vizuri. Ndama wake akizaliwa hufichwa kwenye nyasi ndefu. Analala kimya, hatikisiki, mama anakuja kumnyonyesha na kuondoka tena, hivyo kwa wiki za mwanzo, hadi apate miguu ya kukimbia.

Pembe kwa ajili ya fisi na chui. Ukimya kwa ajili ya ndama. Na bado sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu korongo 15 tu katika nchi nzima. Kumi na watano, wasikilizaji. Basi la abiria halijai.

Nini kilitokea? Mambo mengi, mashamba kupanuka, ujangili, kundi kuwa dogo mno. Lakini fikiria mtego wa waya. Waya hauna harufu ya chui, hauna mlio wa fisi, hauji mbio ukupe nafasi ya kupiga magoti na kuinua pembe. Unangoja tu kwenye njia. Korongo hana jibu lake, hakuna aliyemfundisha.

Sasa nawauliza: kwa nini korongo alibaki Ruma, ilhali Kenya ni kubwa? Hapa naomba mnisikilize vizuri. Aliyemlinda korongo kwa miaka mingi hakuwa askari wala sheria. Alikuwa mbung'o. Bonde la Lambwe lilijaa mbung'o wanaoeneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe, na watu waliogopa kuhamia. Walipojaribu, wengi waliugua, wengine wakahama tena. Kwa hiyo nyasi zikabaki, na korongo akabaki kwenye nyasi zake. Hifadhi ilitengwa mwaka 1966, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1983, lakini mdudu alikuwa kazini zamani kabla ya serikali.

Nayo malale imepigwa vita hadi ikashindwa. Dawa zilipuliziwa, mitego ya vitambaa vya bluu na vyeusi ikatundikwa vichakani, na Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Kenya imeutokomeza ugonjwa huo kama tatizo la afya ya umma. Ni habari njema, na sitamlilia mbung'o. Lakini mlinzi wa zamani amestaafu, na kazi yake ameachiwa ua na askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, ambao wamewatengea korongo eneo lao maalumu ndani ya hifadhi.

Na wanyama wenyewe, wao walijikinga vipi na mbung'o? Hapa kuna jambo ambalo mwenye ng'ombe atalipenda. Watafiti wa kituo cha wadudu, ICIPE, kile kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970 na ambacho tawi lake la Mbita lina jina lake, waligundua kwamba mbung'o hampendi kuro. Kuro ni yule swala mwenye manyoya marefu na duara jeupe kwenye matako. Mbung'o anamwona, anamkaribia, kisha anaghairi. Sababu ni harufu. Ngozi ya kuro hutoa harufu ambayo mbung'o haivumilii. Basi wataalamu wakatambua vitu vilivyomo ndani ya harufu ile, wakavitengeneza, wakavitia kwenye vifuko vinavyotoa harufu kidogo kidogo, wakawavisha ng'ombe shingoni. Walijaribu kule Kwale, karibu na Shimba Hills, na ng'ombe waliovaa vifuko hivyo waliugua kwa uchache sana kuliko wenzao. Ng'ombe ameazimwa ngao ya swala.

Punda milia naye ana yake. Inzi wanaouma hushindwa kutua vizuri kwenye mistari. Wanakuja kwa kasi, wanapotea, wanapita. Huko Japani watafiti waliwapaka ng'ombe weusi mistari myeupe, na idadi ya inzi waliowauma ikapungua karibu nusu. Kesho usimpake ng'ombe wako chokaa halafu uniletee lawama hapa redioni. Nimesimulia tu.

Kila ngao ina adui wake, nasema tena. Na kuna mnyama mmoja anayelijua hilo kuliko wote, naye ni tumbili, huyo huyo anayekuibia mahindi. Watafiti waliokaa na tumbili kule Amboseli, wakachapisha matokeo yao mwaka 1980, walithibitisha kwamba tumbili hana mlio mmoja wa hatari. Ana mlio wa chui, ana mlio wa tai, ana mlio wa nyoka. Ukisikika wa chui, kundi lote linapanda mtini hadi kwenye matawi membamba ambayo chui hawezi kuyafikia. Ukisikika wa tai, wanatazama juu na kujitupa kichakani, maana mtini ndiko tai atakakowachukulia. Ukisikika wa nyoka, wanasimama kwa miguu miwili na kuchungulia nyasi. Watafiti walificha vipaza sauti na kuwachezea milio iliyorekodiwa, bila chui wala tai wala nyoka, na tumbili wakafanya vile vile.

Fikiria angekuwa na mlio mmoja tu. Angepanda mti akimkimbia tai! Na watoto wao hawazaliwi wakiyajua yote. Tumbili mdogo hupiga mlio wa tai hata kwa jani linaloanguka. Wakubwa wanatazama juu, wanaona si kitu, wanaendelea kula. Akipatia, wakubwa nao wanapiga mlio ule ule, ndipo anapojifunza.

Muda unakwenda, nami sijaeleza linalotuhusu sisi na miguu yetu. Wanyama wengi wanaotuumiza huku kwetu hawatuwindi. Wanajilinda, na sisi tumeingia mahali ambapo ulinzi wao unafanyia kazi. Nichukue wawili, kiboko na nyoka.

Kiboko wa Homa Bay, wa Rusinga, wa Karungu, mchana yuko majini na usiku anatoka kula nyasi. Kimbilio lake ni maji. Akishtuka nchi kavu, akili yake ina barabara moja tu, ya kurudi majini, na anaifuata kwa kasi hata kama wewe umesimama katikati na ndoo yako. Watu wengi wameumia kwa sababu hiyo: walikuwa kati ya kiboko na maji. Na ukiwa kwenye mashua ukamwona amefungua kinywa wazi akuonyeshe meno yale, usidhani ana usingizi. Anakuonya. Zungukia mbali. Njia zake unazijua, zimechimbika kwenye nyasi za ufukweni. Usilime juu yake, usichote maji hapo alfajiri wala jioni, na gugu maji likijaa ufukweni ongeza uangalifu, kwa maana linamficha.

Nyoka nao hawafanani. Moma, ambaye wengine humwita kifutu, yule mnene mfupi wa madoa, ulinzi wake ni kutulia. Rangi yake ni ya majani makavu. Watafiti wa Afrika Kusini waligundua mwaka 2015 kwamba hata harufu anaificha; mbwa waliofunzwa kunusa walipita karibu naye bila kumtambua. Dhidi ya nguchiro, hiyo ni hazina. Lakini wewe unapita usiku, huna viatu, huna tochi. Nyoka wengine wakisikia hatua zako wanakimbia. Moma hakimbii. Anatulia, kama alivyozoea, hadi umkanyage. Kwa hiyo tochi na viatu, ndugu zangu. Hata ukienda chooni tu. Hata kama njia unaijua.

Swila, yule Wajaluo wanayemwita rachier, ni habari nyingine. Yeye anainuka, anatanua shingo, na yule anayetema anatema sumu kuelekea machoni, akiwa mita mbili au zaidi kutoka kwako. Mwaka 2021 watafiti walichapisha maelezo kwamba nyoka wanaotema walijipatia uwezo huo mara tatu kwa nyakati tofauti, Afrika na Asia, na kwamba sumu yao iliongezewa vitu vya kuzidisha maumivu. Wakapendekeza kwamba adui aliyesababisha hayo huenda alikuwa kiumbe anayesimama kwa miguu miwili, mwenye macho yanayotazama mbele, na mkononi ana jiwe au fimbo. Mababu zetu, yaani. Wengi wa niliowataja leo, sisi ni adui mgeni kwao. Swila, ikiwa watafiti hao wamepatia, alituandalia zamani.

Akikutemea machoni usisugue. Osha kwa maji mengi safi, kwa muda mrefu, kisha nenda hospitali. Na ukiumwa na nyoka yeyote, sikiliza na umwambie jirani asiye na redio: usikate kidonda kwa wembe, usinyonye, usifunge kamba ya kubana, usipoteze muda kwa jiwe jeusi. Vua pete, bangili na viatu kabla hujavimba. Mguu au mkono ulioumwa utulizwe kwa ubao kama vile umevunjika. Usikimbie, ubebwe. Usimfukuze nyoka ili umuue, ataongeza mgonjwa wa pili. Pigeni simu mapema hospitali muulize kama dawa ya sumu ya nyoka ipo, msije mkafunga safari ya bodaboda usiku hadi mahali ambapo haipo.

Fundi mitambo ananionyesha saa. Sikugusa nyuki leo, na nimefanya hivyo makusudi, kwa sababu wiki ijayo kipindi chote ni chao. Wenye mizinga kule Lambwe na Nyatike, andaeni maswali yenu. Taarifa ya habari inafuata.